Nani Aliyetuma Moshi

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, au aliyelifungia samaki kabla hajalisoma, haya ndiyo ya kujua. Yassini, muuza redio na nyaya karibu na gare ya Kamina, yaani stesheni ya treni, yumo katika kundi la WhatsApp la watu wanaopenda sauti nzuri nyumbani. Kundi linaitwa Salon ya Sauti. Watu mia mbili na ushei, kuanzia Lubumbashi mpaka Kabongo, wanaonyeshana ampli zao, spika zao ambazo huku tunaziita bafle, na namna walivyopanga kiti cha kusikilizia. Humo ndani Yassini anaitwa Docteur, maana hakuna swali analokubali kushindwa nalo.

Jumapili ile mwanachama mmoja wa hapa hapa Kamina, Masengo, fundi wa reli, aliuliza kwa nini bass ya nyumbani kwake inachoka. Jenereta lake, groupe kwa lugha ya mtaani, lilikaa nyuma ya jiko, na waya wake ulikuwa wa mita thelathini. Mtu wa Kolwezi akamshauri anunue waya mnene zaidi. Ulikuwa ushauri mzuri. Yassini akaona ananyang'anywa mgonjwa.

Basi akalikokota jenereta lake mwenyewe, likiwa limezimwa, akaliingiza kwenye korido ya nyumba yake, akalipiga picha na kuirusha kundini. “Shiye hivi njo tunafanyaka,” akasema kwa ujumbe wa sauti, yaani sisi ndivyo tunavyofanya. “Waya mita tatu, basi. Na dirisha unafunga na godoro, sauti isitoroke.” Kisha akalirudisha uani, mahali lilipokaa tangu alinunue. Picha ilipata vidole gumba arobaini na viwili.

Jumatatu Masengo akafanya kama alivyoambiwa. Saa tisa alasiri mkewe, Kyabu, alirudi kutoka sokoni akamkuta kwenye kiti chake cha kusikilizia, amekufa, hana jeraha wala tone la damu. Habari ilipofika kundini, Yassini alifuta ile picha na jumbe zake zote saba za sauti.

Hapo ndipo tulipomwacha. Haya yote amenisimulia yeye mwenyewe, na akaniomba nisimpambe. Simpambi.

Jumanne asubuhi simu yake ililia. Alikuwa Kalenga, msimamizi wa kundi, kutoka Lubumbashi.

“Docteur, weye njo uko karibu. Forum inakutuma ku matanga. Utamupangia mwenzetu musiki na mashine yake mwenyewe. Bafle ya kukodisha, hapana.”

“Kalenga, mwili yangu haiko bien.”

“Kesho itakuwa bien. Leo unaenda.” Kisha akaongeza, “Na ile ma message ulifuta, ilikuwa nini?”

“Kidole iliteleza.”

“Message munane, Docteur?”

Kalenga hakumkaza. Msimamizi wa kundi hapendi kujua jambo ambalo akishalijua litamlazimu kufanya kitu.

Angeweza kukataa kwenda. Lakini mtu aliyezoea kuitwa Docteur hana ujasiri wa kukataa akiitwa, hata kama mgonjwa amekwisha kufa kwa dawa yake.

Miaka miwili yeye na Masengo walikuwa wakiongea kila siku, na hawakuwahi kushikana mikono. Mmoja aliishi upande huu wa reli, mwingine upande ule. Ilibidi aulize njia mara tatu.

Kyabu alikuwa amekaa kwenye mkeka, watoto wake wawili wamemlalia mapajani. Alipomsikia mgeni akisalimia aliinua kichwa, na watu wote wa uani wakaona alivyoshtuka.

“Weye njo Docteur?”

“Njo minyi, mama. Pole sana.”

“Sauti yako naijua. Bwana yangu alikuwa anakusikiliza kuliko padri.”

Yassini alisema asante. Hebu fikiria, alisema asante.

Wakampeleka ndani kwenye chumba cha muziki. Trei za mayai zilikuwa zimegongomelewa ukuta mzima. Dirishani kulikuwa na godoro la sponji lililoshonewa kitambaa na kufungwa kwa kamba kona zote nne. Nje ya mlango, kwenye korido, jenereta lilikuwa limekaa mahali pake pamoja na harufu ya moshi wake. Marehemu alikuwa mtu mwangalifu. Alikuwa amepima kwa futi na kuchora mstari wa chaki sakafuni, kisha akaandika: mita 3.

Yassini aliufuta ule mstari kwa soli ya kiatu. Anasema hakufikiri, mguu ulikwenda wenyewe. Mimi nimeandika tu alivyosema.

Halafu akafanya kazi iliyomleta. Akalisukuma jenereta mpaka nyuma ya jiko, akisema waombolezaji wanahitaji kusikilizana. Akalegeza kona moja ya godoro, akapitisha nyaya dirishani, akazipanga bafle mbili uani. Nyimbo za marehemu zikalia siku nzima, wazee wakasema musiki iko safi, na alasiri Masengo akazikwa.

Jumatano asubuhi Yassini alirudi kukusanya nyaya zake. Alikusudia kuingia na kutoka. Akakuta familia imekaa kikao, na katikati yake Mwenze, kaka mkubwa wa marehemu, mkulima aliyeshuka kutoka Kabongo na koti lake la Misa.

“Docteur, kuya ukae hapa,” Mwenze akasema. “Mungu njo amekuleta. Shiye bantu ya mashamba, mambo ya mashine hatujue. Huyu mwanamuke anasema groupe njo iliua bwana yake. Weye muntu ya kazi, unasema nini? Groupe ikiwa mu corridor, inaweza kuua muntu?”

Kyabu alimtazama. Alikuwa amekaa peke yake, mbali na wanawake wengine, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye shahidi wake amefika.

Neno lilikuwa moja. Ndiyo. Hata mtoto wa shule angelisema. Lakini Yassini alijua swali la pili litakuwa lipi.

“Moteur inapigaka makelele,” akasema. “Kuua muntu, hapana.”

“Docteur!” Kyabu akapaza sauti. “Minyi mwenyewe kichwa iliniuma ile asubuhi! Nilimuambia afungue dirisha, akakatala!”

“Nyamaza, tunauliza muntu anajua,” Mwenze akasema, kisha akamgeukia tena Yassini. “Na anasema tena, kuko muntu mu forum yenu alimufundisha bwana yake kuingiza groupe mu nyumba. Ati alimuonesha foto. Ule muntu iko?”

“Foto ya nani?” Yassini akauliza, na sauti yake ikawa ndogo.

“Jina sikushika, sauti sikusikia,” Kyabu akasema. “Niliona groupe, niliona corridor. Docteur, weye unajua bantu yote ya kule. Waambie.”

“Ile forum najua yote,” Yassini akajibu. “Hakuna muntu alisema vile.”

“Niangalie,” Kyabu akasema.

Hakumwangalia.

Mwenze akakuna kidevu. Hakuwa mtu wa hasira, na hilo ndilo lililotisha. Alipanga maneno yake polepole.

“Essence ya kutia mu groupe, nani alinunua Jumatatu asubuhi? Yeye. Kitambaa ya godoro, nani alishona? Yeye. Saa ya kufa, nani alikuwa inje? Yeye. Ndugu yangu alikuwa muzima, hana homa, hana kidonda. Na Docteur anasema mashine haiuaka. Sasa mutaniambia hii inaitwa nini?”

“Bulozi,” sauti moja ya kike ikajibu kutoka nyuma.

Uamuzi haukuchukua muda. Ijumaa Kyabu angerudi kwao na nguo alizovaa. Watoto wangebaki kwa familia ya baba yao.

Na tusidanganyane, wasomaji wangu. Mwanamke akishatoka uani na jina la mulozi mgongoni, kufukuzwa ndiko afadhali yake. Vijana wa barabarani hawakai kikao. Yassini alikuwa hajagusa hata waya mmoja jiwe la kwanza lilipoangukia bati la nyumba. Kyabu akawafunika watoto wake kwa kitenge na kuinama juu yao.

Yassini akaondoka bila nyaya.

Nyumbani mkewe, Nuru, alimwekea bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Yassini alikaa akiutazama.

“Banamufukuza bibi ya ule marehemu,” akasema hatimaye. “Banasema ni mulozi.”

“Bwana yake alikufa na nini?”

“Moshi ya groupe. Aliingiza mu corridor.”

Nuru akaacha kunawa mikono. “Jumapili ulitoa viatu yangu mu corridor, ukaingiza groupe, ukapiga foto, ukarudisha inje. Nikakuuliza juu ya nini. Ukaniambia ni ya kufundisha bantu.”

Yassini akaisogeza sahani kando.

“Ule njo ulifundisha?”

“Ndiyo.”

“Na kule balikuuliza?”

“Baliniuliza.”

“Ukajibu nini?”

“Nikasema mashine haiuaka muntu.”

Afadhali angepiga kelele. Nuru aliondoa sahani, akaifunika, akaiweka juu ya kabati, kisha akasimama mlangoni.

“Ule mwanamuke iko na batoto,” akasema. “Unaenda kusema leo, ao minyi njo nitaenda. Na minyi nikienda, hapa sirudi.”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini hapa maradhi yalikuwa ya Yassini, kifo kikawa cha Masengo, na aliyekuwa akiumbuliwa ni Kyabu. Hata methali zina mipaka yake.

Alianza na kundi. Alihisi kwamba watu mia mbili wakishajua, hataweza tena kugeuka njiani. Akakaa kitandani, akabonyeza alama ya maikrofoni, na kwa mara ya kwanza hakusafisha koo kabla ya kusema.

“Bandugu ya forum, njo minyi Docteur. Munisikilize mupaka mwisho. Masengo hakuuawa na bibi yake. Minyi njo nilimuambia aingize groupe mu corridor na afunge dirisha na godoro. Na ile foto niliwaonesha, nilidanganya. Groupe yangu iko inje, kila siku iko inje. Niliingiza kwa foto tu, na ilikuwa imezimwa. Nilitaka kumushinda ule wa Kolwezi, njo vile, hakuna sababu ingine. Leo asubuhi familia iliniuliza, nikakana. Sasa ninaenda kusema kule. Na weye mwenye uko na groupe mu nyumba, itoshe inje sasa hivi. Usingoje jioni.”

Akatuma. Majina ya walioisikiliza yakaongezeka moja baada ya jingine.

Mtu wa Likasi akaandika: “Docteur, unacheka?”

Mtu wa Kolwezi, yule aliyeshindwa kwa vidole gumba arobaini na viwili, akaandika: “Mungu akusaidie.”

Halafu Kalenga: “Hii sauti itatupeleka shiye bote ku parquet, ku mashitaka. Docteur, hautufanyie vile.”

Yassini alikuwa bado anatafuta la kumjibu alipoona ujumbe wake umefutwa. Msimamizi ana uwezo huo. Chini yake ukatokea mstari mwingine unaosema Kalenga amemwondoa kundini. Mtu aliyekuwa Docteur wa watu mia mbili akabaki na simu mkononi na mkewe mlangoni.

“Umemaliza?” Nuru akauliza.

“Bamenifukuza.”

“Sikukuuliza ile.”

Akavaa viatu, akaenda.

Alipofika, familia ilikuwa bado uani. Mawe matatu zaidi yalikuwa yamelala juu ya bati. Akapita katikati ya viti, akapiga magoti mbele ya Mwenze, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwa mfanyabiashara wa gare.

“Tata Mwenze, asubuhi nilikudanganya. Groupe inauaka. Moshi yake inauaka muntu polepole, kama mbabula ya makaa mu nyumba ya kufunga. Mama Kyabu alisema kweli.”

Minong'ono ikaanza. Mwenze akainua mkono.

“Mbabula najua. Siko mutoto,” akasema. “Kila nyumba ya Kamina iko na mbabula, na kila nyumba haikufe. Sawa, tuseme ni moshi. Minyi ninauliza ingine. Nani alituma moshi ku ndugu yangu?”

Watu wa mjini hucheka swali kama hilo. Yassini hakucheka. Anasema tangu Jumatatu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali la haki kama lile.

“Minyi,” akasema. “Minyi njo nilituma.”

Akaeleza yote, waya, godoro, picha, mtu wa Kolwezi. Alieleza vizuri mno, kama alivyozoea kueleza.

“Onesha,” Mwenze akasema.

Akatoa simu. Kila alichosema kundini juu ya jenereta kilikuwa kimefutwa, na cha kuonyesha hakuwa nacho. Mwenze akatoa mfukoni mwa koti simu ya marehemu, akaifungua kwa kidole kigumu cha jembe, akatafuta Salon ya Sauti. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, Kifaransa cha shule ya msingi.

“Ce message a été supprimé. Docteur. Ce message a été supprimé. Docteur.” Akasoma mara nane kwamba ujumbe wa Docteur umefutwa, na zote zilikuwa za Jumapili. Kisha akasoma ya tisa, ya leo. “Lini ulifuta hizi munane?”

“Jumatatu.”

“Siku ndugu yangu anakufa, unafuta. Leo unasema, banafuta. Asubuhi mashine haiuaka, saa hii inauaka.” Akaishusha simu. “Docteur, huyu mwanamuke ni nani yako?”

“Si kitu yangu! Nilimuona jana, mara ya kwanza!”

“Bantu bote balisikia. Ulisalimia tu, akakuambia sauti yako anaijua. Bibi ya ndugu yangu anajuaje sauti yako?”

“Mu telefone!” Kyabu akalia. “Bwana yangu njo alikuwa anaipiga mu bafle! Kila siku!”

Lakini nani alikuwa akimsikiliza? Njia ya mwongo ni fupi, na Yassini alikuwa amefika mwisho wake. Ukweli wake mwenyewe ukafanyika kamba, nayo ikawafunga wawili. Wanaume wanne wakasogea na kusimama nyuma yake.

Mwenze hakuwaruhusu kumgusa. Nimekwambia hakuwa mtu wa hasira. Alifikiri muda mrefu, halafu akaagiza kuku.

“Babu zetu balipimaka na kuku,” akasema. “Shiye tutapima. Hii kuku, hakuna muntu anaichukia. Hakuna muntu atamutumia kitu. Tutarudisha groupe mu corridor, tutaweka kuku mu chumba, tutafunga mulango, saa moja. Ikikufa, mashine inauaka yenyewe, na huyu mama iko safi, na weye tutakupeleka ku polisi. Isipokufa, mashine haiuaka mupaka muntu aitume. Na nyinyi wawili mutatuambia vile mulifanya.”

“Nakubali,” Yassini akasema upesi. Polisi ilikuwa kama peponi kwake saa ile.

Akalirudisha jenereta kwa mikono yake mwenyewe, mita tatu kutoka mlangoni, hakuhitaji mstari. Akalijaza petroli, akavuta kamba, likanguruma. Kuku mwekundu akarushwa chumbani, mlango ukafungwa. Watu wakatoka uani kungoja.

Yassini akajikuta anamwombea kuku afe. Mtoto wa madrasa, aliyefundishwa kuomba rehema kwa kila kiumbe, anasimama mchana kweupe akimsihi Mwenyezi Mungu achukue roho ya kuku wa watu. Hakuna dua aliyoiomba kwa moyo mzima kama ile.

Dakika ishirini zikapita, zikawa thelathini. Hakuwa na la kufanya ila kutazama ukuta wa nyumba. Ndipo macho yake yakafika dirishani, akauona waya wake mwenyewe wa bafle ukitoka nje, na pembeni ya waya kona ya godoro ikining'inia. Uwazi ulikuwa wa kuingiza mkono mzima. Moshi mwembamba ulikuwa ukipita hapo ukienda zake kwa majirani.

“Tata Mwenze, zima!” akapiga kelele. “Dirisha iko wazi! Minyi njo nilifungua jana, juu ya waya! Moshi inatoka! Tufunge, tuanze tena!”

“Kuku haijatoka, weye tayari uko na sababu,” Mwenze akajibu. “Kaa chini.”

Wakamkalisha.

Saa ilipotimia Mwenze aliingia mwenyewe, kitambaa puani. Akafungua mlango wa chumba, akarudi nyuma. Kuku akatoka kwenye korido akiyumba kidogo. Akasimama kizingitini, akajikung'uta manyoya, kisha akashuka uani na kuanza kudonoa punje za wali wa matanga.

Hakuna aliyeshangilia. Mwanamke mmoja tu alisema, bila kupaza sauti, “Moshi ilitumwa.”

Wale wanaume wanne hawakungoja tena ruhusa. Walimshika Yassini mikono na shingo, shati lake likachanika, na nje ya ua vijana waliposikia makelele wakaanza kugonga lango kwa mawe. Yassini anasema kilichomuuma si makofi. Aliwaona watoto wa Kyabu wakiondolewa kwenye mkeka, kila mmoja kwa shangazi yake, na hawakulia, walikuwa wamekwisha kuzoea kubebwa na kila mtu.

Kyabu naye aliona. Akasimama.

“Dirisha ilikuwa wazi,” akasema. “Alisema, mukasikia bote.”

Mikono yote ilikuwa juu ya Yassini, hivyo hakuna aliyemshika yeye. Alipita katikati yao akijifunga kitenge kiunoni, kama mwanamke anayekwenda kuteka maji. Wakadhani anakimbilia ndani kujificha mawe. Akapita kando ya jenereta lililokuwa bado linanguruma, akaingia chumba cha muziki, akavuta mlango.

Wakasikia komeo likiingia mahali pake, kwa ndani.

Kisha waya wa bafle ukatikisika pale dirishani. Ukavutwa, mita kwa mita, ukaingia wote. Kona ya godoro ikainuka, ikasukumwa, ikajaza uwazi mpaka uzi wa mwisho wa moshi ukapotea. Sauti yake ikatoka humo, imefifishwa na sponji na trei za mayai.

“Tata Mwenze, minyi hakuna muntu amenituma. Sasa muhesabu.”

Yassini akajichomoa, wala hajui alivyojichomoa. Akakimbilia korido alizime lile jenereta. Mwenze alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba, mikono yake miwili imeshika miimo, na koti la Misa limeuziba mlango wote.

“Tata, achilia! Atakufa!”

“Akitoka muzima, ni mulozi,” Mwenze akasema. “Na akikufa...” Hakumaliza. Alimtazama Yassini machoni, na safari hii hakuuliza kama hakimu. Aliuliza kama mtu wa shamba anayetaka kujua jambo kutoka kwa mtu wa kazi, naye analihitaji jibu upesi.

“Docteur. Dirisha ikifungwa vile, inachukuaka muda gani?”

Yassini akafungua mdomo ajibu, kama alivyozoea. Hakujua.